Mabinti wa Kipaimara na Mlango wa Kukimbilia: Kumbukumbu kutoka Rungwe

Jumapili ya kipaimara hapa kwetu Rungwe mvua haina adabu. Mabinti hupanda mlima na magauni meupe yamekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni, viatu wameshika mkononi, miguu imejaa udongo hadi kwenye vifundo. Nyuma ya kanisa mama zao huwaosha miguu kwa maji ya ndoo na kuwavisha. Kengele inapolia wanaingia wawili wawili, weupe kabisa, kana kwamba hawajawahi kukanyaga tope. Kisha mchungaji anauliza maswali yale ya siku zote, na kila mmoja anajibu kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwaka mmoja, katika usharika tuliokuwa tukihudumu wakati huo, tuliwawekea mikono mabinti wa kundi moja zuri sana. Walikuwa wepesi wa kukariri. Kabla mwaka haujageuka, wawili kati yao hawakuwa tena shuleni. Mmoja alikuwa na mimba. Mwingine alikuwa amechukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani, kwa ahadi ya cherehani ambayo hakuiona kamwe. Wote wawili walijua Amri ya Sita pamoja na maelezo ya Luther bila kukosea neno. Tulikaa na jambo hilo muda mrefu. Tulijiuliza: kama hawakukosa mafundisho, walikosa nini? Swali hilo ndilo lililoturudisha kwenye historia ya kanisa letu, na tumeandika hapa yale tuliyoyakuta huko.

Tuanze na kipaimara chenyewe, maana washarika wengi hudhani kilishuka pamoja na Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Sivyo. Luther aliandika Katekisimu ili baba wa nyumba awafundishe watoto wake na watumishi wake. Kipaimara kama tunavyokijua kilipata umbo lake miaka kumi baadaye, 1539, katika mji wa Ziegenhain huko Hesse, Ujerumani. Waanabaptisti walikuwa wakiwasumbua viongozi wa kanisa kwa hoja nzito: mnawabatiza watoto wachanga wasiojua lolote, je, hao watachagua lini kumfuata Kristo? Mtawala Philip wa Hesse alimwita Martin Bucer kutoka Strasbourg. Bucer hakuuacha ubatizo wa watoto, lakini aliikubali nusu ya hoja. Alisema mtoto aliyebatizwa afundishwe, kisha asimame mbele ya kusanyiko aseme mwenyewe kwamba anaipokea imani ile aliyobatiziwa, ndipo awekewe mikono.

Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza kipaimara kilikuwa swali linaloulizwa mtu binafsi. Na swali la kweli ni lile ambalo anayeulizwa anaweza kulijibu hapana. Sisi wachungaji husahau jambo hilo, kwa sababu katika miaka yetu yote ya utumishi hatujamsikia hata mmoja akijibu hapana.

Sasa tazameni swali hilo lilipofika Unyakyusa lilikuta nini. Mwaka 1891 misheni mbili za Kijerumani zilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wamoraviani walijenga chini ya Mlima Rungwe. Misheni ya Berlin, ambayo ndiyo chimbuko letu Walutheri, ilikuja ikiongozwa na Alexander Merensky, mtu aliyekuwa ametumika miaka mingi Afrika Kusini, ikaanza pale walipopaita Wangemannshöhe, kisha ikaenda Manow, Mwakaleli na kwingineko. Nchi waliyoikuta ilikuwa na migomba, maziwa mengi na utaratibu wake.

Utaratibu huo uliandikwa vizuri na Monica Wilson, mwanaanthropolojia kutoka Afrika Kusini, binti wa wamisionari, aliyeishi huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Kitabu chake cha 1951 kinaeleza vijiji vya rika: wavulana walipofikia umri wa kama miaka kumi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja, na urafiki huo wa kijiji uliendelea mpaka uzee. Walijifunza wao kwa wao kula pamoja, kujadiliana na kukosoana. Msichana hakuwa na kijiji cha namna hiyo. Alitoka nyumba ya baba akaingia nyumba ya mume, na mara nyingi aliposwa kabla hajapevuka, ng'ombe wakiwa wameshaanza kuhama zizi.

Palikuwa na kituo kimoja tu katikati ya nyumba hizo mbili. Alipovunja ungo aliwekwa ndani pamoja na wasichana wenzake, katika nyumba iliyotandikwa majani ya migomba, na wanawake wakubwa wakaja kumfunza. Wilson aliyaeleza mambo hayo kwa kirefu katika kitabu cha 1957. Sisi tuliolelewa kanisani tulifundishwa kuyaita mambo hayo giza, tukafunga mjadala. Leo tunasema kwa uangalifu zaidi. Katika nyumba ile binti alikuwa na wenzake, na alikuwa na wanawake wakubwa waliokuwa tayari kusema naye waziwazi juu ya mwili wake. Hivyo ni vitu viwili ambavyo mabinti wetu wawili wa kipaimara hawakuwa navyo. Lakini tusiipambe nyumba ile kupita kiasi. Ilimfundisha awe mke wa namna gani. Haikumwuliza kama anataka, wala kama ni yule mzee mwenye ng'ombe wengi anayemtaka.

Ndiyo maana tunapenda kukumbuka kwamba mtu wa kwanza kubatizwa katika kituo cha ndugu zetu Wamoraviani pale Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke. Aliitwa Fyabarema, na jina lake la ubatizo likawa Numwagire, yaani "nimempata". Wazee wetu husikia jina hilo haraka kuliko sisi wengine tunavyolisikia. Halisemi "nimepatwa" wala "nimepewa". Linasema mimi ndiye niliyempata. Katika nchi ambako mwanamke alikuwa mtu wa kutafutiwa, kuposwa na kupelekwa, huyu alisimama akasema kwamba yeye alitafuta, akaona.

Hakuwa wa pekee. Zilikuwa nyakati za hatari kando ya ziwa. Upande wa pili wa mto Songwe, karibu na Karonga, mfanyabiashara wa watumwa aitwaye Mlozi alipigana na watu wa nchi ile kuanzia 1887 hadi Waingereza walipomnyonga mwaka 1895. Wanawake na wasichana ndio waliokuwa wakikamatwa, kuuzwa, kuwekwa rehani na kulipishwa kama faini. Wamisionari wa Moraviani waliandika maisha ya baadhi yao, kama Bibi Narwimba na Chisi, na mwanahistoria Marcia Wright alizitoa tena habari hizo katika kitabu cha 1993. Ukizisoma unaona jambo moja likirudi: mwanamke asiye na ndugu wa kumtetea alihama kutoka mlinzi hadi mlinzi, na kituo cha misheni kilipojengwa kikawa mlinzi mwingine anayeweza kumkimbilia.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Sisi tumezoea kusema misheni ilileta mafundisho, kisha watu wakabadilika. Kwa wanawake wengi mambo yalikwenda kinyume. Kwanza palikuwa na mahali: nyumba, ua, mke wa mmisionari, wanawake wengine waliotangulia kufika. Mafundisho yalifuata. Binti aliyekataa kuolewa na mzee aliweza kukataa kwa sababu palikuwa na mlango ambao ungefunguka akibisha. Hata kukataa kwake kuliwatia wamisionari katika taabu kubwa, maana walikuwa wamekuja kufundisha Amri ya Nne, waheshimu baba yako na mama yako, na mbele yao alisimama mtoto aliyemkimbia baba yake.

Luther mwenyewe alilijua fundo hilo. Mwaka 1505 aliingia nyumba ya watawa bila ridhaa ya baba yake. Na mwaka 1524 aliandika kijitabu kizima kuhusu jambo hili: wazazi wasiwalazimishe watoto kuoa au kuolewa wala wasiwazuie, na watoto nao wasifanye uchumba bila wazazi kujua. Ni maneno ya miaka mia tano iliyopita, nasi tumewahi kukaa kwenye vikao vya posa hapa Tukuyu tukatamani yasomwe kwa sauti kabla ya kupokea barua.

Kisha vituo vilipoteza wenyewe. Katika Vita ya Kwanza Wajerumani waliondolewa. Waskoti wa Livingstonia walikuja kusaidia kutoka ng'ambo ya mpaka, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapa hapa. Wajerumani wakarudi katika miaka ya 1920, wakaondolewa tena vita ilipoanza 1939, na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani wakabeba mzigo. Kanisa lilisimama, na mwaka 1963 likaungana na mengine kuwa KKKT. Darasa la kipaimara halikufa katika misukosuko yote hiyo, kwa kuwa katekisimu inabebeka: mwalimu mmoja na kitabu kimoja vinatosha. Ule mlango wa kukimbilia haukubebeka kwa urahisi namna hiyo, na kidogo kidogo tukabaki na somo bila nyumba.

Wengine walijaribu njia nyingine. Kilimanjaro, Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig aliwapanga wanakipaimara katika makundi ya ngao, kwa mfano wa marika ya Wachaga, ili waangaliane wao kwa wao hata baada ya kuwekewa mikono. Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana alilichukua jando la wavulana, kisha na mafunzo ya wasichana, akayatia ndani ya kanisa yakiwa na sala na wafundaji Wakristo. Na upande wa Kenya, huko Tharaka, mwaka 1996 akina mama walianzisha utaratibu uitwao Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno: mabinti wanakaa ndani pamoja, wanafundwa na wanawake wakubwa, wanatoka na sherehe, bila kukeketwa. Hatusemi yote hayo yalikuwa sawasawa. Gutmann alilaumiwa kwa kuupenda ukoo kupita kiasi, na lawama hizo zina ukweli wake. Lakini wote hao waliona kwamba binti hachagui vema akiwa peke yake na kitabu.

Basi baada ya mwaka ule mbaya tulizungumza na akina mama wa usharika. Mmoja wao, mama mchuma chai, alitujibu bila kuzunguka: "Baba Mchungaji, ninyi mnawafundisha watoto kujibu maswali yenu. Yao hamyajui." Tulikubaliana kwamba Jumamosi moja kila mwezi mabinti wa kipaimara wakae na akina mama watatu, kwenye mkeka, nyuma ya kanisa, huku wakimenya ndizi za chakula cha pamoja. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Mchungaji hakualikwa. Tuliletewa habari tu, na tulipaswa kuridhika.

Kazi yao ilikuwa rahisi. Mama anatoa kisa. Mvua inanyesha, umetoka shule, kijana wa bodaboda anasema panda bure. Unafanya nini? Kila binti anapewa punje ya maharage, na vibakuli vitatu vimegeuzwa chini: napanda, sipandi, napanda tukiwa wawili. Anatia punje chini ya bakuli pasipo mwenzake kuona. Kisha vinafunuliwa. Mwezi wa kwanza punje zote zilikuwa chini ya "sipandi". Mama mchuma chai alicheka, akasema, "Hayo ni majibu ya kanisani. Sasa tieni ya barabarani." Wakatia upya, na mara hiyo vibakuli vyote vitatu vilikuwa na punje. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza: kwa nini unapanda, umbali ni kiasi gani, ukishuka anataka nini, na je, mwenzako akikaa nawe mbaoni mkasubiri mvua ipite?

Walisoma pia Hesabu sura ya 27, habari za mabinti watano wa Selofehadi waliomwendea Musa kudai urithi wa baba yao kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Mabinti walilipenda fungu hilo kuliko tulivyotegemea. Mmoja alisema la muhimu ni kwamba walikwenda watano. Angekwenda mmoja, alisema, wangemwuliza nani amemtuma.

Mwezi wa nne lilitokea lile lililobadili kila kitu. Kisa kilikuwa cha mtu mzima anayempa binti vocha za simu na kumtaka wakutane. Punje zilitiwa, vibakuli vikafunuliwa, na yote yalikuwa mazuri. Kisha binti mmoja mpole, ambaye hata darasani hakusikika, akauliza huku akiendelea kumenya ndizi: "Na kama mtu mwenyewe ni wa hapa hapa kanisani, nichague nini?"

Mama mmoja alitaka kumkemea. Mama mchuma chai alimzuia kwa mkono. Hakuna aliyetaja jina siku ile, wala sisi hatutalitaja hapa.

Tulipoelezwa, usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumefurahia kazi ya kufundisha mabinti kuchagua vema, na binti mmoja alikuwa ametuonyesha kwamba tumemwekea mzigo wote yeye. Ajue, akatae, akimbie. Akimbilie wapi? Kwa mchungaji, anayesalimiana na mtu huyo kila Jumapili? Kwa baba, anayemdai Amri ya Nne? Tulifungua kitabu cha usharika cha waliotengwa na kurudishwa kundini, kile ambacho wachungaji waliotutangulia waliandika kwa wino na hati nzuri. Ukurasa baada ya ukurasa yalikuwa majina ya wasichana waliopata mimba. Waliowapa mimba hizo hawakuandikwa, isipokuwa wachache. Kwa miaka mingi kanisa hili lililokuwa mlango wa kuingilia lilikuwa limejifanya mlango wa kutokea, na aliyetolewa alikuwa yule yule ambaye zamani tungempokea.

Serikali nayo ilikuwa na kitabu chake. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alisubiri hadi 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Na ilikuwa Novemba 2021 tu ambapo serikali ilitangaza kwamba binti aliyeacha shule kwa mimba anaweza kurudi. Tuliposoma tangazo hilo tuliona haya kidogo. Wizara ilikuwa imefungua mlango, nasi Baraza la Wazee tulikuwa bado tunajadili kama binti yule wa mwaka ule anaruhusiwa kukaa na kwaya.

Jambo la binti aliyeuliza lilipelekwa mahali panapohusika, si kwa wazee peke yao, na hilo halikupita kwa amani. Wapo waliosema tunachafua jina la usharika. Mzee mmoja, mtu mwema, alituambia mambo kama haya humalizwa nyumbani. Tulimjibu kwamba Numwagire hakuyamaliza nyumbani. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba aonyeshwe kile kitabu cha waliotengwa. Alikisoma akiwa amesimama. Dada yake alikuwemo.

Halmashauri ya usharika haikupata fedha za kujenga chochote. Palikuwa na chumba kidogo kando ya ofisi, tulikuwa tunatunzia viti vibovu na spika ya zamani. Akina mama walikitoa uchafu, wakaweka godoro, taa na kopo la chai. Ufunguo haukai kwa mchungaji wala kwa mwinjilisti. Upo kwa mama mchuma chai, na wa pili kwa mama mwingine ambaye mabinti walimchagua wenyewe kwa punje za maharage, safari hii bila bakuli la kufunika.

Yule aliyepata mimba amerudi shuleni, ana mtoto anayetembea. Yule wa mjini alipiga simu mwaka jana kwa namba ya mama mmoja aliyoipata kwa rafiki, akauliza kama ni kweli kuna chumba. Alifika siku ya tatu, usiku, na mvua. Sisi tulijua kesho yake, tulipopita ofisini tukaona viatu vyenye tope mlangoni.